Motokaa ya Babu Bado Inakwenda



Mzee wa miaka mia akionekana anakwenda sokoni kwa miguu yake mwenyewe, watu wote humtazama kwa mshangao na kwa heshima. Leo nataka kuwaelezeni habari za motokaa zenye umri kama huo, ambazo mpaka sasa zinakwenda barabarani katika nchi ya Marekani. Hazikokotwi kwa kamba, wala hazikupakiwa juu ya lori. Zinakwenda kwa nguvu ya injini zake zenyewe, na ndani yake wameketi baba, mama na watoto, na pengine babu mwenyewe ameshika usukani.

Labda utaniuliza, "Mimi nina baiskeli tu, tena imechakaa. Habari hizo zitanifaa nini?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Soma mpaka mwisho, halafu ukaitazame tena baiskeli yako.

Motokaa ninayotaka kuisema ni ile iitwayo Ford Model T. Aliyeitoa ni Henry Ford, mtoto wa mkulima wa Michigan, aliyezaliwa mwaka 1863. Model T ya kwanza ilitoka mwaka 1908 katika mji wa Detroit, na kazi ya kuziunda ilikoma mwezi wa Mei mwaka 1927. Katika muda huo ziliundwa zaidi ya milioni 15. Hapo mwanzo bei yake ilikuwa kama dola 850, lakini baadaye, katika miaka ya 1920, ile ya bei nafuu kabisa ilipatikana kwa dola 260. Bei ilishuka hasa kwa sababu ya mpango mpya wa kazi. Mwaka 1913, katika kiwanda cha Highland Park, Ford alianza kuzipitisha motokaa mbele ya wafanyakazi, kila mtu akifunga kipande chake kimoja tu. Zamani kuunganisha motokaa moja kulitaka zaidi ya saa 12. Kwa mpango huo muda ukapungua hata kufika kama saa moja na nusu.

Ford aliikusudia motokaa hiyo kwa watu wa mashamba. Ndiyo maana aliiinua juu, ipate kupita katika matope na mawe, kwa kuwa siku zile barabara za mashamba ya Marekani zilikuwa mbaya sana. Wakulima nao hawakuitumia kwa safari tu. Wengine waliinua gurudumu moja la nyuma, wakafunga mkanda, wakaendesha msumeno wa kukatia kuni au bomba la kuvutia maji. Jumatatu ilikata kuni, Jumapili ikawapeleka wenyewe kanisani.

Sasa tuone sababu ya kudumu kwake. Je, ni kwa kuwa wenye nazo ni matajiri? Wako matajiri, lakini wengi ni watu wa kawaida. Sababu kubwa ni kwamba motokaa hiyo inaweza kueleweka. Injini yake ina silinda nne na nguvu ya farasi 20 tu. Petroli haivutwi kwa pampu: tangi, katika nyingi za motokaa hizo, limewekwa chini ya kiti cha mbele, na petroli huteremka yenyewe mpaka kwenye kabureta, kama maji yateremkavyo mferejini. Maji ya kupozea injini nayo hayasukumwi na pampu: yakipata moto hupanda juu na kuingia katika rejeta, yakipoa hushuka chini tena, kama uonavyo maji yakizunguka katika sufuria iliyo jikoni. Oili nayo hurushwa na gurudumu zito lizungukalo nyuma ya injini, ikaenea mahali pote panapotakiwa. Mtoto wa miaka 12 akionyeshwa mambo hayo mara mbili, mara ya tatu atakueleza wewe.

Lakini kila jambo lina upande wake wa pili. Kwa kuwa petroli huteremka tu, motokaa ikipanda mlima mkali na tangi likiwa karibu tupu, kabureta huwa juu kuliko petroli, na injini huzimika. Watu wa zamani walifanyaje? Waligeuza motokaa wakaupanda mlima kinyumenyume! Usicheke. Mtu anayekijua chombo chake hashindwi na mlima.

Basi tuingie katika banda la jamaa mmoja wa namna hii siku ya Jumamosi asubuhi, tutazame kazi yao. Motokaa imesimama mahali pa sawa, na magurudumu yamewekewa vizuizi. Kazi ya kwanza ni kupima oili. Hakuna kijiti cha kupimia kama katika motokaa za sasa. Nyuma ya injini, upande wa chini, kuna vibomba viwili vidogo, kimoja juu na kimoja chini yake. Ukifungua cha juu na oili ikatoka, ni ya kutosha. Isipotoka, fungua cha chini. Ikitoka hapo, unaweza kwenda lakini ongeza. Isipotoka hata hapo, usithubutu kuiwasha. Kwa kazi hii yafaa apatikane mtoto, kwa maana mwili wake mwembamba hupita chini ya motokaa bila taabu. Anatoka na oili mashavuni, na furaha yake haina kifani.

Kazi ya pili ni kupima petroli kwa kijiti kilichotiwa alama. Ya tatu ni kutia grisi na matone ya oili katika viungo, kwa kopo lenye mdomo mrefu kama lile la cherehani. Ya nne ni kukagua magurudumu. Spoki zake ni za mti, na wewe unajua tabia ya mti: mpini wa jembe ukiachwa juani siku nyingi husinyaa, na jembe likalegea. Ndivyo zilivyo spoki hizo. Kwa hiyo mtu hulishika gurudumu kwa mikono miwili na kulitikisa, huku akitega sikio. Likilia, safari haipo mpaka litengenezwe, kwa sababu gurudumu la namna hiyo linaweza kuvunjika penye kona.

Kazi ya tano ni mikanda mitatu iliyozungushwa juu ya ngoma za chuma ndani ya gia. Mkanda mmoja ni wa mwendo wa polepole, mmoja ni wa kurudi nyuma, na mmoja ni wa breki. Huchakaa kila siku, kwa hiyo hukazwa kidogo kidogo. Asiyeikaza mapema atashangaa siku moja anakanyaga breki na motokaa haisimami. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wazee, na hapa ukuta wenyewe ni ule utakaougonga.

Wala usidhani kazi hizo ni za wanaume peke yao. Kuna masanduku madogo manne ya mti yanayotoa umeme wa kuwashia petroli, na kila moja hulia kama nyuki lifanyapo kazi. Mtu mwenye sikio jema hujua mara ni lipi limenyamaza. Katika nyumba nyingine mwenye sikio hilo ni mama. Katika nyumba nyingine ni binti, na kaka zake humwita kila injini inapokohoa.

Sasa yafuata jambo la hatari, nami naomba ulisome taratibu. Kianzio cha umeme kilianza kupatikana katika motokaa hizo mwaka 1919. Zile za kabla ya hapo huwashwa kwa hendeli, yaani mkono wa chuma ulio mbele chini ya rejeta. Cheche ikiwaka kabla ya wakati wake, injini hurudi nyuma kwa ghafula na hendeli humpiga mwenye kuizungusha. Watu wengi walivunjika mkono kwa njia hiyo. Tena, asubuhi ya baridi, oili huwa nzito na kushikana ndani ya gia, hata injini ikiwaka tu motokaa huanza kusogea mbele, na mtu amesimama mbele yake.

Kwa hiyo kuna sheria ambazo baba mwenye akili humfundisha mwanawe kabla hajamruhusu kuugusa mkono huo. Vuta breki ya mkono mpaka mwisho, na uweke kizuizi mbele ya gurudumu. Pandisha juu kabisa kile kishikizo kilicho kushoto chini ya usukani, ili cheche ichelewe. Shika hendeli kwa mkono wa kushoto. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke upande wa pili. Vuta kwa kwenda juu, usisukume kwa kwenda chini hata kidogo. Kijana asiyeweza kuzitaja sheria hizo zote kwa moyo hajafika siku yake, hata akilia. Na akilia, afadhali alie leo kwa kunyimwa kuliko kesho kwa mfupa uliovunjika.

Injini imewaka, jamaa wamepanda. Hapa tena kuna mambo mageni. Motokaa hiyo haina pedali ya mafuta. Mafuta huongezwa kwa kishikizo kilicho kulia chini ya usukani. Chini miguuni ziko pedali tatu. Ya kulia ni breki, na ya katikati ni ya kurudi nyuma. Ya kushoto ukiikanyaga mpaka chini, motokaa huenda polepole kwa nguvu nyingi. Ukiishika katikati, haiendi mbele wala nyuma. Ukiiachia kabisa, na breki ya mkono umeisukuma mbele, motokaa huingia katika mwendo wa kasi. Dereva hodari wa motokaa za sasa akiingia humo bila kufundishwa, huikanyaga pedali ya kushoto akidhani ni klachi, na motokaa humchukua mbele! Kwa hiyo dereva wa miaka 30 hukubali kufundishwa na kijana wa miaka 17 aliyelelewa nayo. Huko Hickory Corners, katika Michigan, kuna nyumba ya makumbusho iitwayo Gilmore Car Museum, ambayo huwafundisha watu wa kawaida kuendesha Model T. Wanaanza kwa kusahau walichokijua.

Mwisho wa kasi yake ni kama kilometa 65 au 70 kwa saa, lakini mwenye busara haifikishi huko, kwa maana breki zake ni hafifu. Kila mteremko huanza kuufikiria akiwa bado juu. Huacha nafasi kubwa mbele yake. Na akiona msururu wa motokaa umekusanyika nyuma yake, husimama pembeni na kuwapisha wenye haraka. Watoto walioketi kiti cha nyuma huyaona hayo yote, nao hujifunza subira bila kuhubiriwa.

Haya, sasa nifike kwenye kiini cha maneno yangu. Watu wengi hufikiri ya kuwa kitu cha thamani hulindwa kwa kukifungia. Motokaa ya zamani hufundisha kinyume. Ifungie bandani miaka michache, ukaitazame. Petroli iliyobaki ndani imegeuka kuwa utomvu na kuziba kabureta. Tairi zimelala upande mmoja na kupasuka. Kutu imeingia ndani ya silinda. Panya wamekula nyaya na kuzaa ndani ya matakia. Motokaa inayotembezwa kila juma hudumu. Inayopumzishwa hufa.

Na yako mauti ya pili, mabaya kuliko hayo. Mzee mwenye motokaa anafariki dunia. Alikuwa anajua kila mlio wake na kila ukaidi wake, lakini hakumwonyesha mtu. Alisema watoto wataharibu, akawafukuza bandani. Wanawe wanafungua mlango, wanaiona motokaa nzima, haina kasoro, wala hakuna hata mmoja awezaye kuiwasha. Baada ya miezi michache inauzwa kwa bei ya bure, au inaachwa pale pale mpaka paa limeiangukia. Chuma kilikuwapo, lakini maarifa yalizikwa pamoja na mzee.

Kwa ajili hiyo wenye hekima hufanya mambo mawili. La kwanza, huweka daftari. Humo huandika tarehe ya kubadili oili, siku mikanda ilipokazwa, mlio waliousikia na dawa waliyoupa. La pili, hushirikiana na wenzao. Chama kimoja kikubwa cha wapenzi wa motokaa za zamani, Antique Automobile Club of America, kiliundwa mwaka 1935. Katika mji wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, hufanyika mkutano mkubwa kila mwezi wa Oktoba. Watu hutandaza chini vipuri vya zamani kama mnadani kwetu, na jamaa huenda wakivichungulia, huyu akitafuta taa, yule akitafuta kifuniko cha rejeta. Viko pia viwanda vidogo ambavyo mpaka leo huunda vipuri vipya vya Model T. Kwa kuwa watu hawakuacha kuipenda, vipuri navyo havikukoma.

Lakini nisiwafiche neno jingine. Motokaa hiyo inaweza kuwa baraka ya nyumba, na inaweza kuwa mwizi wake. Baba akijificha bandani kila jioni na taa yake, mkewe asijue habari zake, watoto wasiruhusiwe kugusa spana, huyo hana mchezo wa jamaa. Ana mke wa pili aliyeundwa kwa chuma. Tena fedha ya karo ikigeuka kuwa tairi, hapo babu aliyeiacha motokaa asingefurahi. Kipimo ni rahisi: waulize watoto. Wakisema "motokaa yetu", mambo ni mema. Wakisema "motokaa ya baba", kuna kazi ya kufanya, na kazi hiyo haihitaji spana.

Sasa turudi kwetu, kama nilivyokuahidi. Huenda hutapata Model T maishani mwako, wala huihitaji. Lakini je, cherehani aliyoiacha bibi iko wapi? Baiskeli ya baba je? Taa ya chemli, mashine ya kusagia nyama, saa ya ukutani iliyosimama tangu mwaka ule? Katika nyumba nyingi vitu hivyo vimewekwa juu ya dari, vinakula vumbi, kwa sababu mtu mmoja tu alijua kuvitengeneza naye hayupo. Au bado yupo, ameketi barazani, hakuna amwulizaye.

Basi juma hili fanya hivi. Chagua kitu kimoja. Jumamosi, wakati jua bado si kali, kitoe nje juu ya mkeka. Waite watoto, wavulana kwa wasichana. Kama babu au bibi yuko, mpe kiti na umwombe aeleze. Acha mtoto afungue parafujo kwa mkono wake, na zile parafujo zipangwe kwa taratibu kwenye sahani zisipotee. Futeni kutu, tieni tone la oili, kazeni kilicholegea. Mtoto akikosea mfundishe, usimnyang'anye. Kisha mmoja wenu aandike katika daftari la shule tarehe na kazi mliyoifanya. Jumamosi ya pili mtaona ya kuwa hamkuhitaji kuwaita. Watakuwa wamekwisha kutandika mkeka.

Na kitu hicho kikipona, usikirudishe darini. Kitumieni. Baiskeli iende kisimani, cherehani ishone sare za shule, na mzee wa barazani aulizwe tena neno jingine, maana bado anayo mengi.